Gramu Kumi na Nane na Nusu

Mitwaba, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Mwipwa wangu Sephora,

Jambo sana. Sisi huku wazima, mihogo imekauka vizuri mwaka huu na mbuzi wamezaa. Mke wangu Mama Germaine anakusalimu. Amerudi kwenye kwaya ya parokia na sauti yake ile ile unayoijua, na kila Jumapili namshukuru Mungu kwamba bunduki imenila masikio. Ndiyo sababu nakuandikia, usifikiri ni maringo ya uzee. Mwanangu Mumba alinipa simu yake niongee nawe, nikasikia nzi tu ndani yake. Kwa karatasi tunaelewana.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka siku wazazi wa Ephraïm walipokuja kukuposa. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwamba nyama ya ndoa ya mtoto wa dada yangu itatoka mkononi mwangu, na itakuwa pofu. Mkwe wako Mama Katungu akauliza pofu ni mnyama gani. Nikamjibu atamjua tarehe 30 ya mwezi wa nane, kwenye sahani. Watu walicheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Kwetu mujomba mwindaji hapeleki mbuzi wa kununua kwenye ndoa ya mwipwa wake. Mama yako angekuwa hai angenikumbusha hilo asubuhi na jioni.

Kibali changu cha mwaka huu kinaruhusu pofu dume mmoja. Kinachokosekana ni kartushi za bunduki. Nimebaki na tatu, na moja imeota kutu. Nimempa Donat, dereva wa lori, karatasi zote za bunduki ili ununue kwa jina langu. Soma vizuri, maana kwenye jambo hili sitaki takribani.

Bunduki yangu ni ya milimita 9,3, ile babu yako aliyoipata alipomaliza kazi ya reli. Nataka kartushi kumi zenye risasi ya gramu kumi na nane na nusu. Wakikuonyesha za gramu kumi na tano, kataa. Nataka demi-blindée, ile yenye risasi laini mbele inayofunguka ndani ya nyama. Blindée nzima, ile iliyovikwa chuma mpaka nchani, usiiguse. Hiyo inampita mnyama mmoja na kumjeruhi aliyesimama nyuma yake, na mimi nina kibali cha mmoja.

Msalimu Ephraïm. Mwambie namwangalia.

Mujomba wako,
Adalbert


Lubumbashi, Katuba, tarehe 27 mwezi wa tano 2025

Mujomba wangu mpendwa,

Jambo sana wewe na Mama Germaine. Barua imefika pamoja na karatasi zako, na unga, asante sana. Sisi tuko vizuri. Umeme unakuja ukipenda, kwa hiyo nashona ukiwepo na kupika ukikatika. Nguo za wasimamizi wa arusi ni sita, nimemaliza mbili. Ephraïm yuko mpakani Kasumbalesa na kaka yake, wanangojea malori ya mizigo. Mama Katungu anapita hapa kila Alhamisi kuhesabu masufuria, na kila Alhamisi ananiuliza, "Ile nyama ya mujomba yako, itakuya nzima ama ya kukatwa?" Nimemwambia hata mimi sijui.

Nilikwenda Bel-Air kwenye duka la bunduki la mzee Edouard. Ni mtu mpole, anavaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alisoma karatasi zako kwa makini halafu akaniuliza, "Nani atapiga hizi?"

Nikamwambia, "Ni mujomba yangu."

"Iko na myaka ngapi?"

"Makumi saba na mbili."

Akaziweka kartushi mbili mezani mbele yangu, moja kubwa ya kumi na nane na nusu, na moja ndogo kidogo ya kumi na tano. "Mama, hii ya dix-huit et demi inapiga nyama kwa mbele, na inapiga muzee kwa nyuma. Hii ya quinze haisukumi sana. Muulize kwanza."

Basi nakuuliza kwanza. Je, hii ya gramu kumi na tano haiwezi kutosha? Nasikia bega haliumii sana.

Kitu kingine. Donat amekunywa chai hapa kwangu. Ameniambia, "Mujomba yako sasa anakamata kikombe na mukono ya kushoto. Miye niliona na macho yangu." Kwako nauliza: mkono wa kuume una nini?

Mwipwa wako,
Sephora


Mitwaba, tarehe 14 mwezi wa sita 2025

Sephora,

Jambo. Asante kwa sukari na kitambaa cha Mama Germaine. Amekivaa kanisani na sasa wanakwaya wote wanataka mwipwa mshonaji Lubumbashi. Mumba amepewa darasa la sita, watoto sabini na wanne, anarudi nyumbani bila sauti. Mvua imekwisha kabisa, nyasi zimeanza kuchomwa, na wanyama wanaanza kuonekana kwenye dembo. Dembo ni ile mbuga ya maji nyuma ya kilima, ulishawahi kuchuma uyoga kandokando yake ukiwa mdogo.

Donat ni dereva. Aangalie barabara, aache vikombe vya watu. Mkono wa kushoto nao ulibatizwa, una haki ya kunywa chai.

Kuhusu kartushi nakujibu kama mwalimu, maana umeuliza vizuri. Risasi ya gramu kumi na tano ni nzuri, siitukani. Kwa tohe, kwa ngiri, hata kwa kongoni kama amesimama ubavu, inatosha na kubaki. Ni nyepesi, kwa hiyo inakimbia sana, na kwa kuwa inakimbia sana inafunguka mapema. Pofu dume ana uzito wa ng'ombe wawili wa huku. Bega lake lina mfupa mpana, juu ya mfupa kuna nyama, juu ya nyama kuna ngozi nene shingoni kama zulia. Risasi nyepesi itapasukia pale juu, ifanye kidonda kikubwa kisicho na kina, na mnyama ataondoka nacho. Ile nzito inakwenda polepole lakini inafika ndani. Pofu haui mtu kwa hasira kama nyati, lakini ukimjeruhi anatembea. Anatembea siku mbili, tatu, na wewe nyuma yake, na kila unapoona damu unajua ni kazi yako.

Mwambie mzee Edouard kwamba nimepiga hizo nzito tangu kabla hajanunua miwani ya kwanza. Kumi na nane na nusu. Na usinicheleweshe, maana lazima nizijaribu kwenye mti kabla ya kwenda.

Mujomba wako,
Adalbert


Lubumbashi, Katuba, tarehe 1 mwezi wa saba 2025

Mujomba mpendwa,

Jambo sana. Huku baridi imeingia, asubuhi vidole vinakataa kushika sindano. Nguo za wasimamizi ziko nne sasa. Padri amekubali saa nne asubuhi. Ephraïm amerudi na amenunua viatu vinavyombana, anavivaa nyumbani ili vimzoee.

Donat anakuletea kartushi kumi. Zimo ndani ya sanduku lake, na juu yake utaona imeandikwa 18,5 kama ulivyoagiza. Hakuna la zaidi. Nakuomba tu usikimbilie kwenda porini, bado kuna muda, na ukiweza mwache Mumba abebe bunduki njiani.

Nimekuongezea dawa ya kupaka kwa maumivu. Ni ya Mama Germaine, kwa magoti yake. Kama ikibaki, na wewe unaweza kujipaka popote unapotaka.

Nakupenda sana, Mujomba. Barua hii ni fupi kwa sababu umeme umerudi.

Sephora


Mitwaba, tarehe 20 mwezi wa saba 2025

Sephora,

Jambo. Mama Germaine mzima, Mumba mzima, magoti ya Mama Germaine hayajawahi kuuma tangu nimuoe, na dawa imefika.

Nimekaa na hasira siku nne kabla ya kushika kalamu, ili nisiandike maneno ya kufutwa.

Nilifungua sanduku lako nikachukua kartushi moja, nikaisikia mkononi. Nikachukua moja yangu ya zamani, nikaisikia. Nikasema labda ni uzee. Nikazipeleka zote mbili kwa jirani anayenunua dhahabu, ana mizani ndogo inayopima hata unyoya wa kuku. Ya zamani ilizidi yako kwa gramu tatu na kitu. Tukapima zote kumi. Yule mtu akaniuliza, "Muzee, banakuibia?" Nikamwambia hapana, ananipenda. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mzee Edouard hawezi kufanya hivyo, mtu wa duka la bunduki hawezi. Ni wewe. Ulinunua za gramu kumi na tano ukazitia ndani ya sanduku la kumi na nane na nusu, ukaandika "kama ulivyoagiza".

Wewe ni mshonaji. Fikiri mtu aingie nyumbani kwako, akubadilishie utepe wa kupimia, akuachie mwingine unaofanana nao lakini umekatwa vidole viwili. Ungekata nguo ya arusi ya mtu kwa utepe ule. Kosa lingekuwa la nani? Bunduki yangu imerekebishwa kwa risasi nzito. Ile nyepesi inapanda juu. Ningelenga moyo wa pofu, risasi ingempata kwenye mgongo au isimpate vizuri popote, na mimi ningelaumu macho yangu, bunduki ya babu yako, na Mungu. Mnyama angekwenda kufia mbali akiwa na maumivu ambayo mimi na wewe tumempa. Mwindaji anaweza kudanganywa juu ya njia, juu ya bei, hata juu ya mke. Juu ya risasi yake usimdanganye.

Nimemaliza kugomba. Sasa niambie kwa nini. Na uniambie kweli, mimi si Mama Katungu.

Adalbert


Lubumbashi, Katuba, tarehe 26 mwezi wa saba 2025

Mujomba wangu,

Jambo, na unisamehe. Nasema unisamehe kabla ya salamu nyingine kwa sababu nimelia juu ya barua yako mpaka Ephraïm akadhani kuna msiba.

Ni mimi. Mzee Edouard hajui. Nilimwomba sanduku tupu nikamwambia ni la kuwekea pini za kushonea, akanipa kwa moyo mzuri, na nyumbani nikahamisha kartushi. Sikujua habari ya risasi kupanda juu. Nilifikiri tofauti ni ile ya bega lako tu. Nilisema moyoni: atapiga, hataumia sana, pofu atakufa au hatakufa, lakini Mujomba atakuwa mzima. Kumbe nilikuwa nakutega.

Kwa nini? Kwa sababu ninaogopa. Mama alipokufa nilikuwa na miaka tisa, na wewe ulishuka na lori la makaa siku tatu ukaja kunichukua kwenye mlango wa hospitali. Ulinishika mkono hukuniachia mpaka Mitwaba. Baba sikumjua. Siku ya ndoa padri atauliza nani analeta huyu binti, na mtu wa kusimama ni mmoja tu duniani. Donat aliponiambia kuhusu kikombe sikulala. Nilikuona umelala kwenye dembo bega limevunjika, na Mumba anakimbia kutafuta watu, na yote hayo ili watu wa Lubumbashi wale nyama.

Lakini umesema kweli. Nimekukosea, na nimemkosea hata yule mnyama.

Kwa hiyo leo nimerudi Bel-Air. Donat anakuletea kartushi kumi za gramu kumi na nane na nusu, demi-blindée. Mzee Edouard amefunga sanduku mbele yangu na kutia sahihi yake juu ya gundi. Mimi sijaligusa. Sasa unazo zote mbili, nzito na nyepesi, na utachagua mwenyewe kama mtu mzima. Sitaki kukuamulia tena.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mimi nimesema kweli yangu. Sema na yako.

Mwanao,
Sephora


Mitwaba, tarehe 16 mwezi wa nane 2025

Mwanangu Sephora,

Jambo sana. Nimechelewa, najua. Mama Germaine amenifokea kila siku kwa sababu ya kuchelewa huko, na jana amenificha ugoro wangu mpaka niandike. Barua za kwanza niliulazimisha mkono wa kuume; hii ninaandika kwa wa kushoto, ndiyo maana herufi zinatembea kama mlevi.

Mwezi wa tatu pikipiki iliteleza kwenye matope ya kivuko, nikaangukia bega la kuume. Mfupa ule ulio chini ya shingo ulivunjika. Umeunga, lakini umeunga vibaya, kuna kinundu. Niliwakataza wote wasikuambie. Nilisema mwipwa wangu anaolewa, asibebe mifupa ya mzee.

Sanduku la mzee Edouard lilipofika nililifungua kwa furaha ya mtoto. Nikaenda nyuma ya nyumba na Mumba, tukachora alama kwenye mti, hatua themanini. Nilipiga moja nzito. Ilipita chini ya alama kiganja kizima. Nikapiga ya pili, hata mti haukuguswa. Bega liliwaka moto, lakini si hilo lililonitisha. Mumba ndiye aliyeniambia, "Papa, unafunga jicho mbele ya kuvuta." Nikamtukana. Kisha nikamwambia anipe kartushi isiyo na baruti nijaribu, bila mlio na bila pigo, na jicho likajifunga vilevile. Bega linakumbuka, Sephora. Linaliambia jicho kabla kidole hakijajua.

Nilijaribu na zile zako nyepesi. Nilirekebisha bunduki, na kwa hizo jicho linabaki wazi, karibu kila mara. Kwa tohe zingefaa kabisa. Lakini mbele ya watu sikusema tohe.

Juma lililopita nilikwenda dembo. Nilikuwa nimeirudisha bunduki ilivyokuwa, nikaingiza nzito. Alfajiri pofu dume akatoka kwenye nyasi zilizoungua, peke yake, mzee kama mimi, shingo imekuwa nyeusi. Alisimama ubavu, hatua themanini na tano, upepo ukinijia usoni. Mumba aliniwekea fimbo ya kuegemeza bunduki. Nimewapiga pofu kumi na mmoja maishani na hakuna aliyesimama vizuri hivyo. Nikaweka kidole. Na nikasikia jicho linataka kujifunga.

Ningeweza kupiga. Labda ningempata. Mumba angeweza kupiga pia, aliniangalia akisubiri nimpe bunduki. Sikuitoa, kwa sababu nilisema mkononi mwangu. Sikupiga, kwa sababu wewe ulijilaumu juu ya mnyama ambaye hata hajajeruhiwa, na mimi ndiye niliyekugombeza. Nikatoa kartushi. Pofu akasikia ule mlio mdogo wa chuma, akaondoka akitembea tu, bila haraka.

Kwa hiyo sina nyama. Nilisimama mbele ya watu wa Ephraïm nikasema neno, na neno limeanguka. Siwezi kuja kukaa kiti cha mbele na mikono mitupu, watu wakinong'ona huyu ndiye yule wa pofu. Donat atakuletea magunia mawili ya unga na mbuzi watatu. Mumba atasimama mahali pangu, anajua kuvaa tai. Mimi nitakuombea huku.

Usinijibu kwa hasira.

Adalbert


Lubumbashi, Katuba, tarehe 20 mwezi wa nane 2025

Mujomba wangu,

Jambo. Nakujibu kwa hasira.

Donat amefika jioni na anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo salamu za kila mtu utazichukua zote mara moja. Wote wazima. Nguo sita zimekwisha. Viatu vya Ephraïm bado vinabana.

Barua yako nimemsomea Ephraïm. Nilipofika mahali pa kutoa kartushi, alisimama akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema ni vumbi. Kisha tukaenda kwa mama yake, maana nilitaka asikie kwangu, si kwa majirani. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Nilimwambia hakuna pofu. Nilimwambia na sababu, bega na jicho na yote. Mama Katungu aliendelea kupanga masahani, halafu akaniuliza kama wewe unakuja. Nikamwambia unaona haya. Akaweka sahani chini.

"Umwambie akuye. Nyama iko ku soko kila siku. Mujomba yako iko mumoja tu."

Ndivyo alivyosema, mbele ya mumewe na shemeji zake, na hakuna aliyecheka. Kisha akaongeza kwamba mpaka leo alikuwa anafikiri pofu ni aina ya samaki, kwa hiyo kwake hakuna kilichopungua. Kuku wameagizwa, na mbuzi wako watatu wanakaribishwa, hata kama si wa porini.

Sasa nikuambie la kwangu. Unaona aibu kwamba hukupiga. Mimi tangu nisome barua ile natembea Katuba nikitaka kusimamisha watu njiani niwaambie: mujomba wangu alikuwa na pofu mbele yake, alikuwa na risasi anayoitaka, alikuwa na ahadi shingoni, akakataa kumtesa mnyama kwa ajili ya sifa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka anishike mkono mpaka mbele ya altare. Nimekutana na watu wengi wenye shabaha. Sijakutana na wengi wa hivyo.

Mumba mwambie avae tai yake, atakaa safu ya pili. Padri atauliza nani analeta huyu binti. Nitanyamaza na kungoja. Usipokuja nitangoja tu pale mlangoni, na watu mia mbili watangoja nami, na wali utaungua.

Donat ameahidi kuondoka Mitwaba tarehe 26. Panda.

Mwanao,
Sephora


Likasi, tarehe 28 mwezi wa nane 2025

Mwanangu Sephora,

Jambo sana. Tairi la nyuma limepasuka na Donat yuko chini ya lori anagombana na jeki. Mama Germaine amelala juu ya magunia ya unga, Mumba anawashika mbuzi watatu, na wote wanne wanapiga kelele. Mimi nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara na suti yangu imekunjwa magotini.

Barua yako niliisoma mbele ya watu wa nyumbani. Nilipofika mahali pa Mama Katungu nikampa Mumba karatasi, akaimalizia. Mama Germaine alikwenda moja kwa moja kupiga pasi shati langu, hakuniuliza kama nakuja.

Njia nzima nimekuwa nafikiria watu watakavyonitazama mikono. Bado naona haya, sitakudanganya. Lakini naona haya zaidi nikikufikiria pale mlangoni unangoja.

Nakupenda sana, mtoto wangu. Katika miaka yote hii sijawahi kukuandikia hivyo. Nilipeleka nyama kila nilipotaka kusema, nikadhani inatosha. Safari hii sina cha kupeleka, imebidi niseme.

Donat ananiita, tairi limekaa. Barua hii simpi yeye. Naileta mwenyewe.

Mujomba wako,
Adalbert